Madoa Meusi katika Chumba cha Kuogea

Sisi tukaao Bijombo tumezoea ukungu. Asubuhi huwafunika ng'ombe malishoni hata mchungaji asiweze kuwahesabu, na jioni, mvua ikiisha kunyesha, hupanda tena kutoka mabondeni. Ukungu huo hauna neno. Lakini kuna mwingine uitwao kwa jina lilo hilo, na watu wengine huuita kuvu, au koga. Huo hauji kutoka mabondeni. Huota ukutani, nyuma ya mlango, juu ya mkeka, katika jalada la kitabu cha nyimbo kilichosahauliwa sandukuni; na zaidi ya pote huota katika chumba cha kuogea, ambacho wengi wetu hukiita dushi. Nataka kueleza habari zake kwa sababu ya jambo lililotokea katika nyumba moja ya washiriki wetu, jambo lililokaribia kuleta ugomvi mkubwa.

Mama mmoja alimleta hospitalini mtoto wake wa miaka 4. Kifua cha mtoto kilikuwa kikipiga filimbi, na usiku hakupata usingizi. Tulipomwuliza mama habari za nyumba yake, kwanza alinyamaza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Munganga, kwetu kuna kitu ukutani."

Akaeleza. Mume wake alijenga dushi wakati wa kiangazi, ya matofali na saruji, kazi nzuri, nayo imeshikamana na chumba walalamo watoto. Mvua zilipoanza mwezi wa 9, madoa meusi yakatokea pembeni, karibu na bati. Wakayasugua, yakarudi. Wakapaka rangi nyeupe, na baada ya majuma machache yakatokea juu ya rangi. Ndipo watu wakaanza kusema. Walikuwa wamegombana na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba la viazi, basi ikasemwa kwamba jirani ametia kitu katika maji yao ya kuoga. Mume alikuwa amekwisha kumwendea jirani yule na kumtolea maneno mazito mbele ya watoto wake. Jumapili iliyofuata walikaa katika kanisa moja, kila mmoja upande wake, wala hawakupeana mikono.

Mtoto alipopata nafuu kwa dawa, niliomba ruhusa niende nao, niione nyumba.

Njiani nilifikiri juu ya sura ya 14 ya Mambo ya Walawi, ambayo wahubiri wengi huiruka. Mle mna habari za nyumba iliyoota madoa ya kijani na mekundu ukutani. Angalieni utaratibu wa kuhani. Kwanza aliamuru vyombo vyote vitolewe nje. Kisha akaingia, akatazama. Akaifunga nyumba siku 7, akarudi kutazama tena. Kama madoa yameenea, mawe yale yaliondolewa na lipu ikakwanguliwa, vyote vikatupwa nje ya mji, na mawe mengine yakawekwa mahali pake. Yakirudi tena baada ya hayo, nyumba ikabomolewa. Katika sura hiyo hapana mahali ambapo jirani anaitwa na kuulizwa. Sisemi kwamba madoa ya Bijombo ni yale yale ya zamani zile. Nasema namna ya kuchunguza ni njema: tazama, ngoja, tazama tena, kisha uondoe kilichoharibika.

Ukungu ni nini?

Ni kitu chenye uhai. Si mnyama, wala si mmea wa majani. Mbegu zake ni ndogo kuliko unga uliochekechwa sana, wala jicho haliwezi kuziona moja moja. Zinaruka hewani kila mahali, katika nyumba ya tajiri na ya maskini, katika hospitali pia. Hakuna mtu azitiaye, zimekwisha kuwamo. Mbegu ikitua mahali pakavu, hulala tu. Ikitua mahali penye maji na chakula, huota. Na chakula chake si cha gharama: vumbi, povu la sabuni lililokauka, uchafu wa ngozi zetu, ubao, kitambaa, hata rangi ya ukuta. Kwa hiyo mbegu hatuwezi kuzimaliza, na chakula chake hatuwezi kukiondoa chote. Kilichobaki mikononi mwetu ni maji. Msomaji akishika neno hilo moja, ameshika kazi yote.

Tena tusiuone ukungu wote kuwa adui. Mwaka 1928 daktari Alexander Fleming, huko London, aliona ukungu umeota katika kisahani alichokuwa akiotesha vijidudu, na vijidudu vilivyokuwa karibu nao vimekufa. Kwa ukungu huo ilipatikana penisilini. Wako wengi miongoni mwetu walio hai leo kwa sababu ya sindano hiyo.

Basi tukafika nyumbani. Jambo la kwanza lilikuwa kujua kama madoa yale ni ukungu kweli, maana si kila cheusi ni ukungu. Masizi ya taa na ya moto wa kuni hushika ukuta vilevile. Nikatia tone dogo la javeli juu ya doa, tukangoja dakika mbili. Masizi hubaki meusi, ukungu hupauka. Doa lile likapauka. Chini, karibu na sakafu, palikuwa na unga mweupe, na mama aliuogopa kuliko vyote. Nikaugusa kwa kidole kilicholowa, ukayeyuka. Ule si ukungu, ni chumvi ya saruji na udongo, iliyoletwa na maji yapandayo ndani ya ukuta. Na kama wewe waona utelezi mwekundu-mwekundu, kama rangi ya waridi, kuzunguka tundu la maji, huo mara nyingi ni vijidudu vya namna nyingine, navyo huondoka kwa sabuni na kusugua.

Watu huniuliza, "Ukungu wetu ni wa namna gani? Ni ule mweusi wa sumu?" Katika miaka ya 1990, katika mji wa Cleveland, Marekani, watoto wachanga waliugua mapafu na damu ikatoka, na watu wakaushitaki ukungu mmoja mweusi. Mwaka 2000 wataalamu wa serikali yao walipima tena kazi ile, wakaona kwamba haikuthibitishwa kuwa ukungu ndio uliosababisha. Usitumie fedha zako kutafuta jina la ukungu. Wowote uwao, wa kijani, mweusi au mweupe, kazi ni ile ile: uondoe, na uyaondoe maji yaliouleta.

Maji yalitoka wapi?

Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu. Dushi ile ilikuwa na dirisha dogo, lakini lilizibwa kwa kipande cha godoro kuzuia baridi. Siwalaumu. Huku juu baridi ni kali, na mtoto aliyelowa hutetemeka. Lakini fikiri: jamaa ya watu 9, na wageni waliokimbia vita na kupokewa humo, kila mmoja anaoga kwa maji ya moto katika chumba kilichofungwa. Mvuke waenda wapi? Tazama kifuniko cha sufuria ya maharagwe ukikiinua: chini yake matone. Mvuke wa moto ukigusa kitu cha baridi hugeuka kuwa maji tena. Bati la Bijombo wakati wa usiku ni kifuniko, na ukuta wa saruji ni kifuniko. Ndiyo sababu madoa yalianza juu, karibu na bati, mahali ambapo mkono wa jirani haufiki.

Lakini chini nako palikuwa na habari yake. Tundu la kutolea maji lilizibwa kwa kitambaa, panya wasiingie. Maji ya kuoga yalikaa sakafuni mpaka asubuhi, na ukuta ukayanywa polepole, kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa.

Kama huna hakika maji yako yatoka wapi, fanya hivi. Chukua kipande cha plastiki kama ukurasa wa kitabu, ukibandike ukutani, pande zote nne zishike vizuri. Ngoja siku moja au mbili. Matone yakiwa juu ya plastiki, upande wako, maji yanatoka hewani, nawe unahitaji dirisha. Yakiwa chini ya plastiki, maji yamo ndani ya ukuta. Hapo tafuta bati linalovuja, au mfereji wa mvua unaopita karibu na msingi, au tundu lililoziba. Mara nyingi ni yote mawili, kama katika nyumba ile.

Je, ukungu unaweza kumdhuru mtu?

Ndiyo, lakini si kwa namna watu wanavyosema. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha mashauri juu ya nyumba zenye unyevu na ukungu. Wakaao katika nyumba hizo hukohoa na kupigwa filimbi kifuani zaidi ya wengine, na pumu huzidi. Mtu mwenye afya njema huenda asione neno, au apige chafya tu. Mwenye pumu, mtoto mchanga, mzee, na mtu ambaye nguvu za mwili wake za kujikinga zimepungua, kama mwenye virusi vya ukimwi asiyetumia dawa, hao wasilale karibu na ukuta wa namna hiyo. (Ukungu wa mahindi na karanga ni habari nyingine, tena mbaya kuliko hii, maana huo tunaula. Huko Kenya, mwaka 2004, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu ya ukungu. Usiwape watu mahindi yaliyooza, wala usiyageuze pombe.)

Nawaambieni pia habari ya mtoto mmoja wa Uingereza, nchi yenye hospitali nyingi. Jina lake Awaab Ishak, wazazi wake walitoka Sudani, wakakaa katika mji wa Rochdale katika nyumba ya kupanga. Nyumba iliota ukungu. Baba akawaambia wenye nyumba tangu mwaka 2017, naye akaambiwa apake rangi juu yake. Ukungu ukarudi. Waliopaswa kuitengeneza walidhani sababu ni desturi za jamaa ile, hata namna yao ya kuoga; baadaye walikiri kwamba walikosea. Desemba 2020 mtoto akafa kwa ugonjwa wa njia ya pumzi, siku chache baada ya kutimiza miaka 2. Novemba 2022 mkuu wa uchunguzi wa vifo alitoa hukumu yake, kwamba ugonjwa ule ulitokana na kukaa muda mrefu katika nyumba yenye ukungu. Leo nchi ile ina sheria inayoitwa kwa jina la mtoto huyo, iliyoanza kutumika Oktoba 2025, nayo inawapa wenye nyumba za namna ile siku chache tu za kuja kutazama na kutengeneza.

Mumewe mama yule aliposikia habari ya kupaka rangi, aliinamisha kichwa. Ndoo ya rangi ilikuwa bado pale mlangoni.

Namna ya kuondoa

Kama madoa hayazidi ukubwa wa mkeka wa mtoto, mita moja kila upande, unaweza kuyaondoa wewe mwenyewe. Yakizidi sana, au lipu ikiwa imelainika na kubanduka, ita fundi, kwa kuwa lipu hiyo lazima itolewe. Mtoto, na mtu mwenye pumu, wakae mbali siku hiyo. Fungua mlango na dirisha. Funga kitambaa puani na mdomoni, vaa mifuko ya plastiki mikononi kama huna glavu. Kwanza lowesha ukuta. Ukipiga brashi kavu utazipeperusha mbegu nyumba nzima. Kisha sugua kwa sabuni na maji, suuza, panguza kwa kitambaa kikavu. Sabuni yatosha kwa saruji na matofali. Vitu vinywavyo maji, kama mkeka, karatasi ya dari, kipande cha godoro, havisafiki, vitoe uvitupe. Pazia la kitambaa lifue kwa maji ya moto, ulianike juani.

Wengi hupenda javeli kwa kuwa hugeuza doa kuwa jeupe upesi. Waweza kuitumia baada ya sabuni, kikombe 1 katika vikombe 16 vya maji, si zaidi. Lakini nisikieni vizuri hapa. Usichanganye javeli na siki, wala na asidi ya kusafishia choo, wala na dawa nyingine yoyote. Na wala usiimwage mahali palipo na mkojo. Najua, na ninyi mnajua, kwamba watoto wengi, na wakubwa pia, hukojoa katika dushi. Mkojo na javeli vikikutana hutoa moshi usioonekana unaochoma koo na mapafu. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo nilipokuwa kijana, kabla sijajifunza uuguzi. Nilimwaga javeli nyingi sakafuni asubuhi, mlango umefungwa, nikatoka mbio nikikohoa na macho yakitiririka machozi, na kwa siku mbili sikuweza kuimba. Mwaga maji mengi kwanza, mpaka harufu ya mkojo iishe kabisa, ndipo ufikiri habari ya javeli.

Tena neno zito kuliko hilo. Usikaushe chumba kwa kuingiza babula ya makaa na kufunga mlango. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu huona usingizi, kichwa kinamwuma, halafu haamki. Ukungu hauui nyumba nzima kwa usiku mmoja, babula yaweza. Kausha kwa upepo.

Kwa ndugu zetu wa Uvira, chini kando ya ziwa, baridi si shida yao, ila maji. Waliokuwapo Aprili 2020, mto wa Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba, wanakumbuka harufu iliyobaki katika nyumba zilizosimama. Maji yakiingia tena, toa vyote nje mara yanapopungua. Kitu kikikauka ndani ya siku 2 mara nyingi hakioti. Godoro lililolowa maji ya mafuriko lisirudishwe kitandani hata likikauka.

Sasa nimalize habari ya nyumba ile. Kile kipande cha godoro kilitupwa siku hiyo hiyo. Tundu la maji likawekewa wavu wa waya badala ya kitambaa, na nje tukachimba shimo la mawe ili maji yapotee mbali na msingi. Tuliwaambia waoge mchana, jua likiwapo, wala si usiku. Na wa mwisho kuoga apanguze ukuta na kuacha mlango wazi. Kitanda cha watoto kikahamishwa upande wa pili. Na rangi isipakwe mpaka ukuta ukauke kabisa. Ndipo wapake chokaa, kwa kuwa ukungu hauipendi, wakiangalia isiingie machoni.

Tulipokuwa tukitoka, nikamsikia nyanya wa watoto akikohoa jikoni. Nikamwuliza, "Mama mzee, kikohozi hicho cha tangu lini?" Akajibu, "Ni ukungu huo huo, mwanangu. Umeniingia tangu kabla ya Krismasi." Ilikuwa mwezi wa 3. Basi ukuta ulikuwa na kosa juu ya kifua cha mtoto, lakini juu ya huyu sikuwa na hakika. Mtu akikohoa majuma mawili au zaidi, makohozi yapimwe, hata kama nyumba imejaa ukungu. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu mwanawe alimchukua. Alikuwa na kifua kikuu, naye amelala chumba kimoja na watoto miezi ile yote. Alipewa dawa za miezi 6 bila malipo, akazimaliza, na watoto wote wakapimwa.

Habari ya jirani ilichukua siku nyingi zaidi kuliko ukuta. Mume alikwenda kwake na mzee wa kanisa, akasema maneno aliyopaswa kusema. Jirani hakujibu siku ile. Lakini ilipofika siku ya kutoboa dirisha la pili, ili upepo uingie huku na kutoka kule, alikuja na patasi yake, maana katika nyumba zile ni yeye peke yake aliyekuwa nayo.

Nilipita huko tena mwezi uliopita. Doa moja limebaki nyuma ya mlango, kama kiganja cha mtoto. Mama amelizungushia mstari kwa msumari, na kila Jumamosi hulitazama kama limeuvuka.